Pumzi ya Greda

Juzi mwanangu wa mwisho alirudi nyumbani na mtoto wa mbwa ndani ya begi la shule. Hata kabla sijamuuliza kamtoa wapi, nilimpokonya yule mnyama, nikamfungua taya kwa vidole viwili, nikasogeza pua yangu mdomoni mwake. Mwanangu akacheka. "Mama, unamnusa mdomo?" Nikamwambia ndiyo, namnusa mdomo, na wewe utamnusa kila siku. Pumzi ilikuwa salama, ile pumzi ya watoto wa mbwa ambayo haifanani na kitu kingine, kama maziwa yanayoanza kuchacha yaliyofunikwa kwa majani makavu. Nikamrudishia mbwa wake, nikaingia jikoni kukaa kidogo. Nilikaa mpaka chai ikachemka na kumwagika jikoni, nami naitazama.

Mbwa wa kwanza niliyemnusa mdomo aliitwa Greda.

Tulikuwa tunakaa upande wa juu wa Karatu, pale mashamba yanapoishia na msitu wa Ngorongoro unapoanzia. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka msituni ukalala juu ya mahindi, na ukitoka nje hukuliona zizi, ulisikia tu ng'ombe wakicheua. Nguruwe pori walikuwa wakishuka na ukungu huo huo na kula tulicholima. Baba alikuwa mtu wa barabara. Alifanya kazi na kikosi kilichochonga ile barabara ya kupanda kreta, na alikuja nyumbani mara moja moja, koti lake likinuka dizeli na vumbi. Ilikuwa miaka ile mpaka wa Kenya umefungwa, magari ya watalii yamekuwa ya kuhesabika na mafuta yamekuwa adimu. Watu wa rika langu mnaikumbuka. Sukari ilipokosekana mlikunywa chai ya chumvi kama sisi.

Siku moja baba alishuka kwenye lori akiwa kakumbatia kifua kwa mkono mmoja, nikamkimbilia nikidhani ameumia. Akafungua kifungo kimoja cha koti. Kikatokeza kichwa cheusi chenye doa jeupe katikati ya macho. Alikuwa amepewa na mama mmoja wa Kimaasai ambaye boma lake lilikuwa jirani na kambi yao, na ambaye walikuwa wakinunua maziwa kwake.

"Atatulindia mahindi," baba alisema.

Mama, ambaye sisi kwa lugha ya nyumbani tulimwita Aayo, alimshika yule mbwa shingoni akamgeuza huku na huku. "Mahindi gani? Huyu, sungura akikohoa tu, atakimbia."

Nilipomchokoza akaunguruma, muungurumo mzito usiolingana na mwili wake, na baba akacheka akasema huyu ni greda likipanda mlima. Jina likabaki hilo.

Alikuja mgonjwa. Tumbo lilikuwa kubwa na gumu kama ngoma, mbavu zote nje, na viroboto wakitembea kwenye kwapa zake bila haya. Aayo alisema hilo ni tumbo la minyoo, akachemsha yale majani machungu aliyokuwa akitunywesha sisi wenyewe, akamkamulia Greda mdomoni kwa kitambaa. Kilichotoka siku iliyofuata sitakieleza. Lakini tumbo lilishuka, na nywele zikaanza kung'aa. Jumapili baada ya misa nilikaa naye juani nikimtoa viroboto mmoja mmoja, na kila nilipoinama alinipumulia usoni. Niliipenda ile pumzi. Nilikuwa namfungua mdomo kwa makusudi ili niinuse, kama mtu anayefunua chungu.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Safari. Shamba lake na letu vilitenganishwa na mstari wa minyaa tu, na kabla ya Greda kuja nilishinda kwake kama kwetu. Safari alikuwa mtoto wake wa pekee, aliyempata baada ya kungoja miaka mingi, na alikuwa mwenzangu wa kuchunga ndama. Kabla hatujampata Greda, mbwa mmoja mzururaji alimng'ata mguuni karibu na kisima. Walimwosha, wakampaka dawa ya majani, kidonda kikafunga vizuri kabisa. Nani angempeleka hospitali mtoto ambaye mguu wake umepona? Kisha siku moja, kidonda kikiwa kimebaki kovu tu, Safari alishindwa kunywa uji. Na baadaye alishindwa kunywa maji, hata kuyaona. Hatukuruhusiwa kwenda kumtazama.

Msibani nilisikia wanawake wakisema, "Maji yalimkataa mtoto wa watu." Nililichukua neno hilo kama lilivyo. Nikaamini kwamba maji yana uamuzi wake, yanatazama mtu na kusema huyu namtaka, huyu simtaki. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilikuwa nayasalimia maji kabla ya kunywa, kimoyomoyo, kwa adabu zote, ili yasije yakanikataa na mimi.

Watu waliendelea kumwita Mama Safari. Wangemwitaje? Kila aliyemsalimia alimtaja mtoto wake, naye aliitikia.

Greda alipokuja, Mama Safari aliacha kuingia kwetu. Alisimama kwenye minyaa akaita, tukampelekea alichotaka. Mimi aliendelea kunipenda, lakini kwanza alinitazama mikono na miguu kabla ya kunipa kiazi.

Baada ya Pasaka harufu ya mdomo wa Greda ilibadilika. Nyumbani tulikuwa tumechinja mbuzi, mbwa wote wa jirani wakajaa uani kugombea mifupa, na Greda akawa anakimbia huku na huku katikati yao akijiona mkubwa. Siku chache baadaye nilimfungua mdomo nikakutana na harufu ya maji ya maua yaliyosahauliwa kanisani. Nikarudisha kichwa nyuma. Kesho yake ilikuwa mbaya zaidi, kama panya aliyefia ghalani chini ya magunia.

"Aayo, Greda ananuka mdomo."

"Mbwa gani hanuki mdomo?"

"Huyu alikuwa hanuki."

Akaja, akainua mdomo wa juu kwa kidole, akaona pengo pale mbele. "Anang'oka meno ya utoto. Wewe ulipong'oka ulidhani ulinukia waridi?" Niliona aibu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajipumulia viganjani, nikanusa, kuhakikisha.

Baba alipokuja nilimwambia na yeye. Akasema amefukua mzoga mahali, nimfunge. Hakuna aliyemfungua taya zote mbili. Sisemi kwa kuwalaumu. Kwetu mbwa alikuwa mlinzi, alikula makombo na kulala majivuni, na hapakuwa na mtu aliyewahi kumtazama mbwa kooni.

Nikaamua kumsafisha mwenyewe. Nilitafuna kijiti mpaka kikawa na nyuzi kama mswaki, nikamkalia Greda, nikamsugua meno ya mbele. Alivumilia. Nilipoingiza kijiti ndani zaidi, upande wa juu, alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, akajipinda, na jino lake likanikwaruza kidole gumba. Damu ilitoka kidogo. Nikanyonya kidole, nikaenda kucheza.

Tangu siku hiyo hakula. Alilala karibu na mafiga akijipangusa pua kwa miguu ya mbele, mara kwa mara, mpaka nikadhani anajifunza kunawa uso. Nilimwita Aayo aje aone alivyo na akili. Taya lilianza kuning'inia. Mate marefu yakawa yanamtoka na kugusa ardhi, na kifua chake kikalowa. Akiona beseni la maji alinyanyuka akalisogelea, akainamisha kichwa, akagusa kwa ulimi, kisha akaruka nyuma kama ameungua.

Ndivyo Mama Safari alivyomkuta. Alikuwa amekuja kurudisha ungo, na kwa sababu alikuwa ameita kwenye minyaa bila kuitikiwa, akaingia uani. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kando ya beseni nikimbembeleza Greda anywe. Nilisikia ungo ukianguka. Sikusikia kelele. Alisema tu, polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu, "Mwanangu, toka hapo."

Sikutoka. Alinijia mbio akaninyakua kama furushi la kuni, akanikimbiza mpaka mlangoni, na hapo ndipo sauti yake ilipotoka. "Baba yake! Baba yake, njoo! Mbwa ana kichaa!"

Baba alikuwa nyumbani siku hiyo. Alitoka zizini na jembe mkononi. Aayo alikuja mlangoni akishika kiuno, maana alikuwa na mimba kubwa ya mdogo wangu. Mama Safari alikuwa ameshika mikono yangu, anaigeuza, anafungua kidole kimoja kimoja, mpaka akafika kwenye gumba.

"Hii ni nini?"

"Greda alinikwaruza."

Akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Baba alimtazama mbwa muda mrefu. Greda alimtazama yeye, mate yakimtoka, akitikisa mkia. "Labda ni ugonjwa mwingine," Aayo alisema.

"Na mimi nilisema labda," Mama Safari akajibu.

Kijana mmoja wa jirani aliyekuwa amesikia kelele alikuja na mkuki, baba akamzuia kwa mkono. "Nilimleta mimi mwenyewe kifuani mwangu. Asimguse mtu." Akaenda kuchukua kamba ya katani na rungu.

Mimi nilitiwa ndani, Mama Safari akakaa kwenye mlango na mgongo wake ukauziba wote. Nililia nikauliza baba anampeleka wapi. Aayo akasema anampeleka kwa daktari. Nikanyamaza mara moja. Nikauliza kama amechukua gunia lake la kulalia, kwa sababu hospitali watu huenda na mablanketi yao. Aayo akageuka ukutani. Kupitia dirisha nikaona Greda akipita na baba, kamba ikiwa imelegea, akitangulia kidogo, maana siku zote alipenda kutoka na baba.

Baba alirudi peke yake. Alinawa mikono kwa muda mrefu, akamwaga maji mbali, akanawa tena. Nilijua daktari amemlaza.

Bwana mifugo alifika kesho yake, Jumapili, kwa baiskeli, akiwa bado na nguo za kanisani. Sikujua kwamba mbwa anayeshukiwa kichaa lazima kichwa chake kitazamwe, na kwamba baba alikuwa amemfunika Greda kwa gunia nyuma ya zizi akimngoja bwana huyo. Niliwafuata kimya nikachungulia kati ya miti ya zizi. Niliona migongo ya wanaume wawili, na glavu za mpira, na chuma kirefu. Sikuona kilichokuwa chini. Kisha upepo ukaleta harufu. Panya wa ghalani, maua ya kanisani. Nilijua ni nani aliyelala pale, na nikajua kwamba hapakuwa na daktari.

Bwana mifugo alivuta kitu kwa nguvu, kikagoma, akavuta tena. Kilikuwa kipande cha ubavu wa mbuzi, kirefu kama kidole cha mtoto. Kilikuwa kimejibana juu kwenye kaakaa, kutoka magego ya upande mmoja hadi ya upande wa pili, na nyama yote iliyokizunguka ilikuwa imeoza.

"Kumbe mfupa," baba alisema.

"Mfupa. Mbwa akiwa na kitu kama hiki hafungi mdomo, hali, maji yanamuuma. Anatoa mate hivi hivi."

"Kwa hiyo hakuwa na kichaa."

"Sijui, mzee wangu. Inawezekana hakuwa nacho. Inawezekana alikuwa na vyote viwili. Kichwa nitakipeleka, lakini majibu yanaweza kuchelewa, na mtoto hawezi kungoja. Aanze sindano kesho."

Kichwa kilipelekwa Arusha. Majibu hayakutufikia kamwe, na mimi niko hai, basi ninayo majibu yangu mwenyewe.

Mama Safari alikuwa amesimama upande wa pili wa zizi, amesikia yote. Alikuja akautazama ule mfupa mkononi mwa bwana mifugo. Baba hakuinua macho. Mimi nilingoja aseme samahani. Akasema, "Baba yake, wewe kesho una lori la alfajiri, na mama yake hawezi kutembea. Nitampeleka mimi."

Wenzangu mnazijua zile sindano. Zilikuwa za tumboni, moja kila siku, siku baada ya siku. Tulitoka ukungu ukiwa bado chini, tukateremka matuta, tukavuka kijito, tukapanda tena hadi hospitali ya misheni. Sista mmoja mwenye mikono baridi alininyanyua gauni, akachoma akizunguka kitovu, leo hapa, kesho pale, kama anayepanda maharage. Tumbo lilivimba likawa la moto. Wakati wa kurudi sikuweza kutembea vizuri, wala sikuweza kubebwa mgongoni kwa maumivu, kwa hiyo Mama Safari alinibeba ubavuni, akinihamisha upande huu na ule, kilima hadi kilima.

Nilimchukia. Sikumsalimia asubuhi, na mnajua kwetu mtoto kutomsalimia mtu mzima ni jambo gani. Niliamini amefanya kusudi. Kwa vile mtoto wake amekufa, nilijiambia, hataki mtu mwingine awe na cha kucheza nacho. Alipokuwa akinibeba nilikaza mwili wote ili niwe mzito.

Siku moja tukiwa njiani nilimwambia. "Wewe ndiye uliyemuua Greda. Hakuwa na kichaa. Alikuwa na mfupa."

Alisimama. Akanihamishia upande wa pili. "Ni kweli," akasema. "Alikuwa na mfupa."

Tukatembea.

"Na kesho nikikuona tena karibu na mbwa anayetoa mate, nitapiga kelele tena."

"Hata kama ni mfupa?"

"Hata kama ni mfupa."

Nikazidi kumchukia.

Baba alipokuja tena hakumtaja Greda, na hakuleta mbwa mwingine, si mwaka huo wala miaka iliyofuata. Akiwa likizo alilinda mahindi mwenyewe, akigonga debe. Aayo aliwahi kumwambia tutafute mbwa, akajibu kwamba mikono yake bado inafanya kazi. Nimezaa watoto wangu, nimewauguza, ndipo nikaanza kuelewa alichobeba pale nyuma ya zizi, yeye na kamba yake iliyolegea. Wakati ule niliona tu kwamba hacheki sana.

Siku ya sindano ya mwisho Sista alinishusha gauni, akanipigapiga shavuni. "Tumemaliza. Binti hodari." Nikaruka chini. Mama Safari hakuinuka kwenye benchi.

"Sista," akasema, "ndizo hizi tu?"

"Ndizo hizi tu, mama."

"Hata kama mtu kang'atwa mguuni?"

"Hata mguuni. Akiwahi."

"Na kidonda kikiwa kimeshapona?"

Sista aliweka chini kile kisahani cha sindano. Sijui kama aliijua habari ya Safari. Karatu wakati ule ilikuwa ndogo. "Hata kikiwa kimepona, mama," akasema taratibu. "Mradi awahi."

Mama Safari akatikisa kichwa mara kadhaa, akashukuru, akajifunga khanga upya, tukatoka.

Tulipofika kijitoni alikaa juu ya jiwe. Alijaza pindo la khanga mdomoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Hakutoa sauti hata kidogo. Nilisimama mbele yake sijui la kufanya. Nikafikiri amechoka. Siku zote hizo alikuwa akinipandisha na kunishusha vilima, na mimi nikijifanya mzito, na sasa nguvu zimemwishia. Kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma.

"Mama Safari, pumzika," nikamwambia. "Leo usinibebe. Natembea mwenyewe."

Alinitazama. Alitoa khanga mdomoni, akajipangusa uso wote, juu mpaka chini.

"Safari naye alikuwa hapendi kubebwa," akasema. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akilitaja jina hilo kwa kinywa chake. "Ukimbeba tu, mateke."

"Alikuwa anapiga mateke?"

"Eeh! Mateke ya punda. Hata akiwa mdogo, hajajua kutembea."

Nikampa mkono, akaushika, akanyanyuka. Tukavuka maji, tukaanza kupanda kilima polepole kwa sababu ya tumbo langu, naye akaniambia jinsi Safari alivyoogopa jogoo, alivyokula maharage kabla hayajaiva, alivyomlazimisha kumwimbia wimbo mmoja mara nyingi mpaka koo likakauka. Tulifika kwenye minyaa. Ningeweza kuingia kwetu. Nikapitiliza naye mpaka kwake, maana alikuwa bado hajamaliza.